Pantoni, boti, meli na gati: ipi ipewe betri, ipi methanoli, ipi isubiri

Pantoni ya Kigamboni hukaa majini dakika chache tu kabla ya kugusa upande wa pili. Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja hukata maji karibu saa mbili. Meli ya kontena ikishang'oa nanga Mombasa kuelekea Asia hupitisha siku nyingi bila kuona nchi kavu. Leo vyombo vyote hivi vinaendeshwa na dizeli au mafuta mazito yaliyo ndugu yake, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mrithi wa dizeli naye atakuwa mmoja. Hatakuwa mmoja. Kinachoamua ni muda ambao chombo kinakaa mbali na gati na kiasi cha nishati kinachokula katika muda huo. Bei, sheria na sifa za mafuta yenyewe hufuata baada ya hapo.

Ulinganisho huu unamlenga anayelazimika kuchagua: msimamizi wa kivuko, mwenye boti, mpangaji wa bandari, injinia anayeandika vigezo vya zabuni. Mifano ya hesabu ni ya kufanyia mazoezi. Weka namba za chombo chako mahali pake na njia itabaki ile ile.

Namba za kushika kwanza

Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, uniti ikiwa kilowatisaa moja, ile ile unayonunua kwa LUKU au tokeni. Injini nzuri hufikisha uniti 4 tu kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha propela. Zilizobaki huondoka na moshi na maji ya kupozea. Umeme wa gridi, ukishapita kwenye transfoma, chaja, betri, inveta na mota, hufika kwenye shafti kwa asilimia 85 hivi. Kwa hiyo kazi inayofanywa na lita moja ya dizeli inahitaji uniti 4.7 kwenye mita. Gawa bei ya lita kwa 4.7. Jibu likiwa kubwa kuliko bei ya uniti yako pamoja na tozo zote, umeme unakuokolea pesa ya mafuta, na tofauti hiyo ndiyo itakayolipa betri.

Upande wa uzito na nafasi, hali ni hii:

| Nishati | Uniti kwa kilo | Ujazo ukilinganisha na dizeli | Inahifadhiwaje |
|---|---|---|---|
| Dizeli ya meli | 11.9 | 1 | Joto la kawaida |
| HVO (dizeli ya mafuta ya mimea na mabaki yaliyotibiwa kwa hidrojeni) | 12.2 | 1.05 | Joto la kawaida |
| Gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi (LNG) | 13.6 | 1.65 | −162 °C |
| Methanoli | 5.5 | 2.3 | Joto la kawaida |
| Amonia | 5.2 | 2.9 | −33 °C |
| Hidrojeni ya kimiminika | 33.3 | 4.3 | −253 °C |
| Betri na fremu zake | 0.1 hadi 0.16 | makumi ya mara | Chumba kilichopozwa |

Safu ya ujazo inahesabu mafuta peke yake. Tangi la LNG au la hidrojeni ni silinda yenye kuta mbili na vihami joto, haliingii kwenye pembe za meli kama tangi la dizeli linavyoingia, kwa hiyo nafasi halisi inayoliwa ni kubwa zaidi. Methanoli ina unafuu hapa, maana inakaa kwenye tangi la kawaida, hata lile lililokuwa la maji ya kusawazisha meli, mradi lipakwe rangi inayostahimili na lizungushiwe nafasi tupu ya ulinzi.

Pantoni na feri za mivuko mifupi: betri, lakini kwanza pima mteremko wa gati

Chukua pantoni yenye injini za jumla ya kilowati 1,000, inayovuka kwa dakika 8 ikitumia wastani wa asilimia 40 ya nguvu hiyo. Kuvuka kunakula uniti 53. Ongeza dakika 10 za kujisukumiza kwenye gati wakati watu na magari wanashuka na kupanda, tuseme kwa kilowati 100, hiyo ni uniti 17. Mvuko mmoja ni uniti 70. Mivuko 60 kwa siku ni uniti 4,200 kwenye shafti, sawa na lita 1,050 za dizeli, au tani 2.8 za hewa ukaa kila siku.

Betri ya uniti 1,000 ina uzito wa tani 10 kwa makadirio ya juu, ambao kwa chombo kinachobeba malori ni mzigo mdogo. Usipange kuitumia yote. Ifanye kazi kati ya asilimia 80 na 30. Ikijazwa hadi juu kabisa katika joto letu inazeeka haraka, na asilimia 30 za chini ni akiba ya siku ambayo mkondo ni mkali na gati la pili limezibwa. Zinabaki uniti 500 za kazi, yaani mivuko 7.

Ukitaka kurudisha uniti 70 kila inapotua, na muda halisi wa kuchaji ukawa dakika 5, unahitaji chaja ya karibu kilowati 950 kila upande. Hapo mradi mwingi huvunjika. Shirika la umeme hutoza kilele cha matumizi kwa kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa mara moja), na laini ya mtaa huenda haiwezi kutoa megawati nzima kwa mkupuo. Lakini angalia jumla ya siku: uniti 4,200 kwenye shafti ni uniti 4,940 kwenye mita, na ukizigawa kwa saa 20 za kazi unapata kilowati 250 tu kwa pande zote mbili pamoja. Weka betri nyingine nchi kavu, ijazwe polepole na gridi, kisha imwage kwa kasi pantoni inapotua. Wanorwe walifanya hivyo hivyo kwa Ampere, feri ya kwanza kubwa ya magari inayotumia betri peke yake, iliyoanza kazi mwaka 2015 kati ya Lavik na Oppedal. Safari ni kilomita 5.7, betri ya chombo ni ya uniti 1,000 na ushei, na kwa kuwa umeme wa vijiji vile ulikuwa dhaifu, kila upande uliwekewa betri ya uniti 260.

Sasa jambo ambalo michoro ya kutoka Ulaya hailioneshi. Feri za Helsingør na Helsingborg kati ya Denmark na Sweden, Tycho Brahe na Aurora, zina betri za uniti 4,160 kila moja na huchajiwa na mkono wa roboti kwenye mnara uliosimama gatini. Bahari ya pale karibu haijai wala haipwi. Mwambao wetu wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi, na pantoni zetu hutua kwenye mteremko wa zege. Kama mteremko ni wa 1 kwa 8, mita 4 za wima ni mita 32 za mlalo. Chombo kinatua mahali pengine kabisa asubuhi na adhuhuri. Mkono uliosimikwa sehemu moja hautakifikia.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ya kwanza ni kujenga gati la kuelea ubavuni mwa mteremko, linalopanda na kushuka na maji, chaja ikiwa juu yake. Hapo kebo inayotoka nchi kavu ndiyo inayokunjwa mara nne kwa siku, hivyo iwe ya aina laini na iwe na mnyororo wa kuiongoza, la sivyo insulesheni itapasuka kwenye pembe ile ile. Ya pili ni kuachana na kuchaji kila mvuko: weka betri ya uniti 2,000, na pale ambapo vyombo ni vitatu au zaidi, kimoja kipumzike kwa zamu kwenye gati la maegesho kikichajiwa saa moja na dakika chache kwa megawati 1 baada ya kila mivuko 14. Kwa Likoni na Kigamboni, ambako wavukaji wa alfajiri hawawezi kusubiri roboti ipate shabaha, njia hii ya pili ina hatari ndogo zaidi ya kukwama.

Mambo yanayoharibika baada ya hapo ni joto, chumvi na uvujaji. Maji ya bahari yetu huwa nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo kupozea betri kwa maji ya bahari moja kwa moja hakutoshi. Inahitajika mashine ya kubaridisha, na umeme wake uingizwe kwenye hesabu. Chumba kiwe na shinikizo la hewa lililozidi kidogo la nje, ipite kwenye chujio, ili hewa ya chumvi isiingie. Na moto: Oktoba 2019 feri ya Ytterøyningen nchini Norwe ilishika moto kwenye chumba cha betri baada ya maji ya kupozea kuvuja, na kesho yake gesi iliyokuwa imejikusanya ikalipuka. Kwenye zabuni yako andika basi: kigunduzi cha gesi kilicho juu na kilicho chini ya chumba, feni ya kutolea gesi nje yenye umeme wake wa peke yake, kuzima moto kwa maji yasiyo ya chumvi, na marufuku ya kuendesha chombo wakati mfumo wa kusimamia betri umekatika mawasiliano na fremu zake.

Hidrojeni kwa mvuko mfupi haina hoja kwetu. MF Hydra ya Norwe ilianza kutembea kwa hidrojeni ya kimiminika mwaka 2023, na hidrojeni yenyewe hupakiwa kwenye malori huko Leuna, Ujerumani, ikasafirishwa hadi fiodi. Chombo ni kazi nzuri ya kiinjinia. Ugavi wake ndio usiofaa kuigwa na nchi ambayo laini ya umeme inapita mita mia moja kutoka kwenye gati.

Boti za saa mbili: mwendo ndio swali

Dar hadi Unguja ni maili za bahari 40 hivi. Tuseme katamarani, yaani boti ya matumbo mawili, yenye kilowati 5,000, ikitumia asilimia 80 kwa saa moja na dakika 45: uniti 7,000 kwa safari moja. Kwa dizeli ni lita 1,750, tani moja na nusu. Kwa betri, ukiacha asilimia 30 bila kuguswa, unahitaji uniti 10,000, sawa na tani 60 hadi 100. Katamarani ya alumini imejengwa iwe nyepesi. Kila tani unayoongeza inaizamisha, inahitaji nguvu zaidi, nguvu zaidi inahitaji betri zaidi, na unajikuta unakimbiza kivuli chako.

Hata hivyo haiwezekani kusema betri zimeshindwa hapa. Mei 2025, kiwanda cha Incat huko Hobart kiliteremsha majini China Zorrilla ya kampuni ya Buquebus, chombo cha mita 130 chenye betri za uniti 40,000 na uzito unaozidi tani 250, kwa ajili ya kuvuka Río de la Plata kati ya Buenos Aires na Colonia. Stavanger nayo ina Medstraum, katamarani ndogo ya umeme ya mwaka 2022, inayokwenda noti 23 (maili za bahari 23 kwa saa). Vyombo hivi vilichorwa upya kutoka mwanzo, na havikimbizwi kama boti za dizeli. Nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo. Ukishusha noti 30 hadi 25, nguvu inashuka kwa asilimia 40 hivi na nishati ya safari nzima kwa asilimia 30, ingawa katamarani zina tabia zao na lazima upime kwenye bahari. Safari inarefuka kwa dakika 16 tu. Mwenye boti anayetaka kupunguza moshi kesho asubuhi bila kununua chochote aanzie hapo.

Umeme wa kuchajia nao una kikomo. Kurudisha uniti 7,000 kwa saa moja ni karibu megawati 7.8 gatini. Unguja hulishwa na kebo ya chini ya bahari ya kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, iliyowashwa mwaka 2013 na yenye uwezo wa megawati 100. Boti moja ikichaji kwenye bandari ya Malindi ya Unguja jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha taa na kila hoteli viyoyozi, inachukua asilimia 8 ya kebo hiyo. Betri ya nchi kavu inayojazwa usiku inageuka kuwa lazima, na gharama yake haiko kwenye bei ya chombo unayooneshwa na muuzaji.

Kwa boti zilizopo, basi, linganisha HVO na biodizeli ya kawaida, na usizichanganye kichwani. HVO inaingia kwenye injini bila kubadilisha kitu, inakaa tangini muda mrefu, na mtengenezaji wa injini mara nyingi ameshaikubali kwa maandishi. Tatizo lake ni bei na upatikanaji. Biodizeli ya kawaida ni rahisi kutengenezwa lakini inavuta unyevu. Katika joto la mwambao, maji yakikaa chini ya tangi vijidudu huota na kuwa utando unaoziba chujio boti ikiwa katikati ya bahari, penye mawimbi, maana mawimbi ndiyo yanayoutibua. Ukilazimika kuitumia: osha tangi kabla, toa maji ya chini ya tangi kila asubuhi, badilisha chujio mapema mara ya kwanza kwa sababu mafuta haya yanabandua uchafu wa miaka, na ondoa sili na mipira ya zamani isiyoistahimili. Chombo kinachokaa wiki nyingi bila kazi kisiwekewe.

Kosa la mwisho kwa boti: kupima matumizi ya Februari na Machi pekee. Kusi kikianza, upepo na mawimbi hubadili hesabu yote. Chukua kumbukumbu za mafuta za mwaka mzima, na chagua betri kwa ajili ya Julai.

Meli kubwa ikiwa gatini: umeme wa nchi kavu

Hapa ndipo fedha ya bandari inapofanya kazi kubwa kwa muda mfupi. Meli ya kontena ikifunga kamba huzima injini kuu lakini jenereta zinaendelea kunguruma kwa ajili ya makontena ya baridi, pampu, taa na jiko. Tuseme kilowati 1,500 kwa saa 48: uniti 72,000, tani 15.5 za mafuta, karibu tani 50 za hewa ukaa pamoja na moshi wa masizi unaoingia kwenye vifua vya wapakuzi na wakazi wa jirani. Kila uniti ya jenereta ya meli hutoa gramu 690 hivi za hewa ukaa. Umeme wa Kenya, unaotoka kwa sehemu kubwa kwenye jotoardhi la Olkaria, maji na upepo, uko chini mno ya hapo. Tanzania, tangu mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere yenye jumla ya megawati 2,115 ianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, hesabu imeegemea upande huo huo. Na hata uniti inayotoka kwenye gesi asilia bado ni safi kuliko ya jenereta ya meli.

Kikwazo cha kwanza ni hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Gridi zetu ni hezi 50. Meli nyingi za masafa marefu ni hezi 60. Bila mtambo wa kugeuza, pampu na feni za meli zitazunguka polepole, mota zitapata joto na swichi zitaruka. Kiwango cha kimataifa IEC/IEEE 80005-1 kinataka kilovolti 6.6 kwa meli za kontena, na kilovolti 11 vilevile kwa meli za watalii. Kwa hiyo mnyororo ni huu: laini ya gridi, swichigia, transfoma ya kushusha, mtambo wa kugeuza hezi, transfoma ya kutenga meli na gridi, kisha soketi kwenye mashimo ya gati. Mtambo wa kugeuza ndio wenye bei. Usiununue kwa ajili ya matagi (vyombo vya kuvuta meli kubwa) na meli za mwambao zinazotumia volti 400 na hezi 50. Hizo zinahitaji transfoma na soketi za volti ndogo tu, na kuanza nazo ni njia nafuu ya kuwafundisha mafundi.

Kuunganisha kwenyewe: meli za kontena hubeba kebo zake kwenye pipa la kuviringia, zikateremshwa hadi kwenye shimo la gati, waya wa ardhi unapimwa kwanza, plagi zinaingizwa na mzunguko wa usalama unathibitishwa, umeme wa nchi kavu unawashwa, jenereta ya meli inalinganishwa nao, mzigo unahamishwa polepole, jenereta inazimwa. Kazi hii na ile ya kuchomoa zinakula muda, kwa hiyo meli inayokaa saa 6 haina faida kubwa, inayokaa siku mbili ina faida tele. Hitilafu zinazorudia ni hizi: meli imefunga kwa ubavu usio na soketi, au imesogea mita kadhaa kutoka mahali palipopangwa na kebo haifiki, chumvi kwenye pini za plagi, na umeme wa gridi kuzama ghafla. Gridi ikikatika kabisa, jenereta ya dharura ya meli inatakiwa na sheria za usalama kushika ndani ya sekunde 45, lakini mzigo wa makontena ya baridi hausubiriwi na dharura hiyo. Kabla ya kusaini, dai kumbukumbu za kukatika na kuzama kwa volti kwenye kituo kinacholisha bandari, za miezi 12.

Jambo linalosahaulika: umeme wa nchi kavu hauzimi boila. Meli ya mafuta inayotumia mvuke kuendesha pampu za kupakulia itaendelea kuchoma hata ikiwa imechomekwa, na zaidi ya hapo gati la mafuta ni eneo la hatari ya mlipuko. Anza na kontena na meli za watalii, mafuta yaje mwisho.

Je, meli zenye vifaa zitakuja? Göteborg ilikuwa na umeme wa volti kubwa gatini tangu mwaka 2000, California imelazimisha tangu 2014, na Umoja wa Ulaya utazitaka meli za kontena na za abiria kuchomeka kwenye bandari zake kuu kuanzia 2030. Meli zinazozunguka njia hizo tayari zina soketi. Waulize mawakala wa meli zinazofunga kwako orodha ya zenye vifaa, ubavu wa soketi na umbali wake kutoka tezi. Mashimo ya gati yachimbwe kwa kufuata orodha hiyo.

Mashine za uwanjani ni rahisi kuamua. Kreni za gatini kwa kawaida ni za umeme tayari. Kreni za matairi zinazopanga makontena zikiwekewa reli ya umeme ya pembeni hufanya vizuri kwenye safu zisizobadilika. Zikiwekewa kebo ya kuviringa hubadilisha safu kwa urahisi zaidi, ila kebo hukanyagwa na magari isipochimbiwa mfereji. Trekta za kuvuta makontena ziwe za betri, zichajiwe wakati wa kubadilishana zamu. Tagi nalo linafaa betri kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hufanya kazi kwa mikupuo na hurudi gatini: Sparky ya Auckland, ya mwaka 2022, ina betri za uniti 2,784, inavuta tani 70 na hujaa kwa saa mbili.

LNG: jaribu la nchi yenye gesi

Tanzania ina gesi asilia nyingi chini ya bahari, na wapo wanaosema basi meli zetu zitumie LNG. Hesabu isomwe mpaka mwisho. Kwa nishati ile ile, kuchoma LNG hutoa hewa ukaa pungufu kwa robo hivi: gramu 56 dhidi ya 75 kwa kila megajuli ya nishati. Lakini injini zenye shinikizo dogo huacha sehemu ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, itoke bomba la moshi bila kuungua. Kanuni za Ulaya huihesabu kuwa asilimia 3.1 ya mafuta kwa injini za mwendo wa kati za aina hiyo. Methani ina nguvu ya kupasha joto mara 28 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, hivyo jumla inapanda hadi gramu 72: faida imekwisha. Kwa kipimo cha miaka 20, ambapo methani huzidi mara 80, LNG inakuwa mbaya kuliko dizeli waziwazi, zaidi ya gramu 100. Injini kubwa ya mwendo wa polepole yenye kuchoma gesi kwa shinikizo kubwa huvujisha asilimia 0.2 hivi na inabaki na gramu 57, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini injini hiyo ni ya meli kubwa za bahari kuu. Kwa feri na boti zenye injini za mwendo wa kati, LNG ni ghali, ina baridi kali ya kusimamia, na haisafishi kitu. Gesi hiyo ikizalisha umeme nchi kavu na umeme ukachaji feri, inafanya kazi bora zaidi.

Methanoli na amonia kwa masafa marefu

Methanoli imeshatoka kwenye majaribio. Stena Germanica, kati ya Göteborg na Kiel, ilibadilishwa mwaka 2015. Laura Maersk ya kontena 2,100 ilifuata 2023, na meli za kontena 16,000 zikaanza 2024. Ni kimiminika katika joto la kawaida, na fundi wa mafuta anaielewa haraka. Hatari zake ni tatu: inatoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 11 hivi, kwa hiyo kwetu huwa iko kwenye hali ya kuwaka saa zote, mwali wake karibu hauonekani mchana, hivyo kamera za joto ni lazima, na ni sumu inayopenya ngozi. Mabomba yawe ya kuta mbili, matangi yajazwe nitrojeni juu, povu la kuzimia liwe la aina inayostahimili alkoholi.

Amonia haina kaboni, na ndiyo inayovutia kwa miaka ya mbele. Tagi la Sakigake la Japani lilianza kuitumia 2024, na Shirika la Kimataifa la Bahari liliidhinisha miongozo ya muda ya usalama wake Desemba mwaka huo huo. Ugumu ni watu. Sehemu 300 kwa milioni hewani tayari ni hatari kwa uhai. Gati la kuijaza lihitaji umbali kutoka makazi, pazia la maji, vinyago na mafunzo ya zimamoto wa mji mzima, na Kilindini na Kurasini zote zimezungukwa na watu. Injini ikiichoma vibaya hutoa oksidi ya naitrasi, yenye nguvu ya kupasha joto karibu mara 270 ya hewa ukaa. Kiasi kidogo tu kinafuta faida. Kwa bandari zetu amonia isubiri. Wanaoamua meli za masafa marefu zitumie nini wako kwenye makampuni makubwa, na bandari ikijenga tangi kabla yao inaweza kubaki na tangi lisilo na mteja.

Kwa zote mbili, jina la mafuta halikwambii usafi wake. Methanoli ya kutokana na gesi asilia, ukihesabu kiwandani hadi bomba la moshi, inazidi dizeli. Amonia ya gesi, kwa kanuni za Ulaya, hubeba gramu 121 kwa megajuli kabla haijachomwa. Mkataba udai cheti cha asili ya mafuta kwa kila shehena. Na asiweke mtu hesabu ya mkopo juu ya bei ya kaboni ya kimataifa, yaani tozo ya meli kwa hewa ukaa zinayotoa: mpango wake ulikubaliwa kwa hatua ya awali Aprili 2025, lakini Oktoba mwaka huo upitishaji ukaahirishwa kwa mwaka mmoja.

Gati likivunjwa kwa ajili ya ukarabati wowote, hata wa mabomba ya maji, laza mabomba matupu ya kebo kabla zege halijamwagwa: angalau manne ya milimita 200 kwa kila gati la kontena, yenye kamba ya kuvutia ndani, visima vya ukaguzi visivyozidi mita 60 kati yake, na mteremko wa kutoa maji ya bamvua. Mtambo wa kugeuza hezi unaweza kuja baada ya miaka mitano. Kulivunja gati lililo na meli juu yake kila siku ndiko kutakakoshindikana.